Nyuroblastoma: kwanza niambie mtoto ana miezi mingapi

Mzazi akishatajiwa kensa anachouliza ni "imeshafika wapi dokta?", na mimi daktari wa watoto hapa Unguja ninachotaka kujua kwanza ni umri. Kwa nyuroblastoma, kensa ya watoto wadogo, umri una uzito kuliko watu wanavyodhani, mtoto wa miezi 6 anaweza kuwa nayo mpaka kwenye ini na ngozi na akapona, lakini wa miaka 4 ikishamfika kwenye mifupa kazi ni nzito mno. Mpaka tunaoutazama sana ni miezi 18.

Yenyewe inaanzia kwenye seli changa za mishipa ya fahamu, zile ambazo zilitakiwa zikomae zikagoma. Mara nyingi inakaa kwenye tezi iliyo juu ya figo, ndo maana wengi wanaletwa kwa tumbo. Namlaza mtoto mapajani kwa mamake, asilie, maana akilia tumbo linakaza hushiki kitu, halafu napapasa taratibu: uvimbe wa nyuroblastoma mara nyingi ni mgumu, una manundu, unavuka katikati kwenda upande wa pili, wakati ule wa Wilms, kensa nyengine ya watoto inayotoka kwenye figo yenyewe, mara nyingi unakaa upande mmoja na juu yake ni laini. Sio kanuni lakini, altrasaundi na kinyama kinachopelekwa maabara ndo vitasema. Wengine tumbo hata halionekani, anakuja na weusi kuzunguka macho kama kapigwa ngumi na nyumbani washasema kijicho hicho, au ana homa na miguu inamuuma akatibiwa malaria, akadhaniwa sikoseli. Mtoto aliyekuwa anatembea akaacha kutembea, jamani, msimkande wala msimchanje chale, mleteni.

Baada ya umri na ilipofika tunatazama jeni moja inaitwa MYCN. Ikiwa imejizidisha ndani ya uvimbe, basi hata mtoto mdogo huwa anahesabiwa kwenye hatari kubwa. Wa hatari ndogo wanapona zaidi ya 90 kwa 100, wa hatari kubwa ni kama nusu tu, na hapo nazungumzia nchi zenye kila kitu, sisi tunaoletewa watoto washakonda tusijidanganye.

Sasa matibabu. Kuna vichanga tunawaangalia tu bila dawa, uvimbe unanywea wenyewe, na najua mzazi anaona kama tumemtelekeza mwanawe. Lakini Wajapani miaka ya 1980 walianza kupima mkojo wa watoto wachanga nchi nzima, wakazigundua nyuroblastoma kibao, lakini haikuthibitika kwamba vifo vya watoto wakubwa vinapungua, kumbe nyingi walizokuwa wanazikamata ni zile ambazo zingeondoka zenyewe, mwaka 2004 wakaacha.

Hatari kubwa ni safari nyengine: kimo (kemotherapi, dawa za kuua seli za kensa), upasuaji, kimo kali zaidi halafu anarudishiwa seli zake mwenyewe za uboho, mionzi, dinutuximab, dawa ya kuisaidia kinga ya mwili iishambulie kensa, iliyoidhinishwa Marekani 2015, na isotretinoin, hiyo hiyo wanayopewa vijana wenye chunusi sugu. Mwaka 2023 Marekani wakaongeza eflornithine, dawa ya siku nyingi ya malale! Vingi kati ya hivyo huku kwetu havipo au bei haishikiki, siwezi kuwaficha.

Kwa hapa, mtoto wa kensa tunampa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kimo zinachukua miezi, na wa Pemba ana bahari mbili za kuvuka, huku kaacha wengine nyumbani. Kinachoniuma ni hiki: dozi za mwanzo tumbo linapungua, mtoto anacheza, anakula, basi watu wanakata tiketi ya boti wanarudi, na ikirudi hapo inakuwa sugu. Kama tatizo ni nauli au pa kulala, muoneni mtu wa ustawi wa jamii pale pale hospitali kabla hamjaamua kuondoka.