Mlanguzi si kila aliyepandisha bei

Mvua ikikata barabara tu, walanguzi wanazaliwa kila kona. Mama wa genge mlanguzi, mwenye duka mlanguzi, hata bodaboda aliyeongeza mia tano. Kulangua ni kununua bidhaa, kuificha mpaka iadimike, kisha kuiuza kwa bei ya kuumiza. Pasipo mzigo uliofichwa hapana ulanguzi.

Neno lilipata makali 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipoanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wapo waliotupa mali usiku wasikutwe nayo. Lakini enzi hizo kulikuwa na Tume ya Bei: bidhaa kama sukari na sabuni zilikuwa na bei ya serikali, na aliyezidisha alionekana. Nyanya ya leo haina bei ya serikali. Aliyezidisha kazidisha juu ya nini?

Tena nyanya haifichiki. Iweke wiki mbili kwenye joto la Lindi uone utamuuzia nani. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, magari yalikwama. Mzigo usipofika, bei inapanda bila mtu kuficha hata tenga moja, na zilizooza njiani zinaingia kwenye bei ya zilizopona.

Sukari ni habari nyingine. Mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa, mapema 2024 serikali ilitangaza bei elekezi. Sukari hukaa ghalani miezi, kwa hiyo hapo kushuku si vibaya. Ila anayeshukiwa ni mwenye ghala, si anayepima robo kilo kwenye kifuko.

Uswahilini, hata hivyo, bei mara nyingi haitajwi. Fungu la mia tano hubaki la mia tano, nyanya tano zikawa tatu. Mwenye mshahara alishajaza mchele na unga mawingu yalipotanda. Anayeishi kwa kibarua hununua cha leo leo, kwa hiyo kila mafuriko yanamkuta sokoni. Hasira yake inamwangukia mama wa genge, maana ndiye anayemwona.

Fungu likikonda baada ya mafuriko, basi, tuseme nyanya zimeadimika. La ulanguzi tuliweke mpaka tusikie kuna magunia yamefungiwa mahali.