Mama mwenye kisukari akianguka, msimkande: maswali na majibu

Kisukari kinahusiana nini na mifupa?
Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikilinda mifupa hushuka na madini huanza kupungua. Sukari ikikaa juu miaka mingi, huharibu protini inayoupa mfupa uimara wake. Kwa hiyo mama mnene mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kupimwa wingi wa madini ya mifupa akaambiwa uko sawa, na bado akavunjika kwa kuteleza tu bafuni.

Mbona wanaanguka sana?
Ganzi miguuni, macho kufifia, kuamka usiku kukojoa gizani. Halafu sukari kushuka: amechoma insulini au amemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, kisha hakula.

Ameanguka, kinena kinauma, lakini hakuna uvimbe. Tumkande kwanza tuone?
Hapana. Msimkande, msimchue kwa mafuta ya nazi, msiuvute mguu. Nyonga ikivunjika uvimbe huenda usionekane, kwa sababu mfupa umefunikwa na nyama nyingi. Tazameni miguu yote miwili: ulioumia mara nyingi huwa mfupi na unyayo umegeukia nje, wala hawezi kuunyanyua ukiwa umenyooka. Wengine mfupa umepasuka lakini vipande vimebanana, wakatembea siku kadhaa. Mkandaji akiuvuta ndipo vinapoachana.

Mkandaji wetu ameunga wengi.
Labda mikono ya watoto. Shingo ya paja la mama wa miaka 70 haiungwi kwa vijiti na kitambaa. Nyingi zinahitaji upasuaji, na inavyotakiwa ufanyike ndani ya saa 48. Hospitalini tunaletewa mama baada ya wiki mbili za kukandwa, mgongo una vidonda, kifua kimejaa nimonia, sukari imepanda, na hapo ndugu wanauliza kwa nini daktari anasita kumpasua. Na maji ya moto juu ya mguu wenye ganzi humbabua bila yeye kuhisi. Jibu ni lilelile: msimkande.

Sasa tufanye nini?
Alale chali. Wekeni mto katikati ya miguu, muifunge pamoja kwa kanga, fundo lisibane. Mpimeni sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au anatoka jasho na kutetemeka na hamna kipimo, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mradi anameza vizuri. Asipakiwe bodaboda, tafuteni gari la wagonjwa au kirikuu yenye godoro. Chukueni kadi ya kliniki na dawa zote, mkapige eksirei siku hiyohiyo. Kwa walio Tanga mjini, hospitali ya Bombo haiko mbali kiasi cha kungoja kesho.

Na ambaye hajaanguka?
Anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalisi (kalsiamu, madini ya mifupa) kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi usiotiwa sukari ina kama 300. Dagaa waliwe na miba yao. Anayevaa buibui kila atokapo akae uani mikono wazi, apate jua. Mara mbili kwa siku anyanyuke kitini mara kumi bila kujishika. Taa ya njia ya chooni iwake usiku kucha.

Na aache vile vidonge vya "maumivu ya viungo" vya dukani visivyo na jina. Baadhi ni prednisoloni: hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Kama amevimeza kwa wiki kadhaa, asivikatishe ghafla. Avipeleke kliniki vikiwa kwenye pakiti ili apunguziwe taratibu.