Kivumbasi kilichosimama pembeni mwa nyumba hakitoshi kufukuza mbu

Jumamosi alikuja dada mmoja hapa kitaluni, Lindi, ndala zimejaa tope la bonde la Lukuledi. "Shikamoo bwana shamba. Nipe miche minne ya kivumbasi, mmoja kila pembe ya nyumba. Mbu wametuzidi."

Marahaba. Pembe nne tena! Naiuza miche hii miaka yote, na kila masika yakikolea mtu anarudi kuniambia nimempa mibovu. Sasa naandika, nichoke mara moja.

Mche si mbovu. Chuma jani polepole, lishike kwa kikonyo, linuse. Harufu ipo, hafifu. Sasa lifikiche kati ya kidole gumba na cha shahada. Pua imeshtuka, sivyo? Mafuta yamo kwenye vifuko vidogo mno juu ya jani. Ukiwa na lenzi utaviona vinang'aa kama vitone vya nta. Mpaka vipasuke au vipate moto, sehemu kubwa ya mafuta inabaki humo humo. Na kile kidogo kinachovuja, upepo wa bahari ukivuma kinaishia kwa jirani. Uskoti wana kichaka chao cha kwenye majimaji, Myrica gale, ambacho zamani watu wa Ulaya walikitia kwenye bia kabla ya hopsi, maua ya kuitia bia uchungu, kushika soko. Nao visubi vinawasumbua, lakini wanakeneka mafuta yake wajipake, hawakitegemei kiwalinde kikiwa kule matopeni.

Kinachoniudhi zaidi ni ile kauli ya "kivumbasi ni kivumbasi tu". Hapana. Wengine wanabeba mrehani wa kutia kwenye shada wakidhani ndicho. Hao nawasamehe, ni ndugu wa ukoo mmoja, shina la pembe nne na majani yanayotazamana. Tatizo ni ndani ya Ocimum gratissimum yenyewe (vitabu vya zamani vinaiita Ocimum suave). Unaweza kuotesha miche miwili, majani sawa, maua sawa, huyu ananuka karafuu, yule ananuka dawa ya kusukutua kinywa. Wa kwanza umejaa eujenoli (eugenol), kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu. Wa pili umejaa timoli (thymol), iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusukutua. Kwa macho huwatofautishi. Kwa hiyo bibi yako aliposema majani yake yalikuwa makali, na ya kwako hayafanyi kitu, huenda nyote wawili mnasema kweli. Mimi nanusa mche mmoja mmoja kabla ya kuuza. Wateja wananicheka, eti bwana shamba anabusu miche.

Ukitaka kufukiza, tumia majani yaliyonyauka siku moja. Mabichi yanazima makaa, makavu kabisa yanawaka moto na kuisha. Weka juu ya majivu ya moto, si juu ya ndimi za moto. Ila usimfukizie mtoto mchanga wala mwenye pumu chumbani. Moshi ni moshi.

Na hapa nina jambo langu linalonisumbua. Usiku mmoja niliishiwa kivumbasi nikafukiza majani ya mwembe. Mbu wakapungua. Usiku wa pili nikarudia kivumbasi, wakapungua vile vile, kwa macho yangu. Je, miaka yote hii nimekuwa nikisifia mmea au moshi? Majaribio ya magharibi mwa Kenya, majani ya jamii hii yalipopashwa moto ndani ya vibanda, yalipunguza mbu wanaoingia, kwa hiyo mmea una lake. Lakini kupunguza si kumaliza, na mbu wa malaria hupenda kuuma usiku wa manane, makaa yameshakuwa majivu na wewe unakoroma. Chandarua kibaki palepale.

Kwenye kunde na choroko za kuhifadhi sina wasiwasi sana: kausha majani kivulini, yaponde, changanya, fukusi wanapungua. Watu hawaniulizi hilo. Wanauliza pembe nne.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akanusa miche sita kwa zamu, akarudi kwenye wa kwanza.

"Basi nipe viwili vya harufu ya karafuu," akasema. "Na pembe mbili zilizobaki nitapanda mapapai."