PCOS na kutafuta mtoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Una uvimbe kwenye mayai." Maneno hayo, yakitamkwa harakaharaka na mtu anayekupa karatasi ufute jeli ya utrasaundi tumboni, yamewaliza wengi. Mwanamke anatoka pale akiamini ana kitu cha kukatwa, au kwamba kizazi ndiyo basi tena.

Kinachoonekana kwenye skrini kwa mwenye PCOS, yaani tatizo la homoni linalozuia mayai kupevuka kwa wakati wake, si uvimbe. Ni vifuko vidogo vya milimita 2 hadi 9, kila kimoja kina yai changa, mara nyingi vimejipanga kama shanga pembezoni mwa ovari, yaani kiungo kinachotunza mayai. Kwa kawaida kila mwezi kifuko kimoja huwaacha wenzake, hukua hadi milimita 20 hivi, hupasuka na kuachia yai. Kwa mwenye PCOS homoni zimevurugika, basi vingi huanza kukua na kukwama njiani. Mayai yapo, tena mengi. Hayapevuki tu kwa wakati wake. Anayekuuzia dawa ya mizizi ya "kuyeyusha uvimbe" anakuuzia tiba ya kitu ambacho huna.

"Mwenye PCOS hazai." Wanazaa, na wengine bila dawa yoyote. Asiyeona siku zake miezi mitatu anaweza kupevusha yai mwezi wa nne bila habari, ndiyo maana asiyetaka mimba bado anahitaji uzazi wa mpango. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tatizo hili linawapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hao wote wangekuwa tasa, tungelijua zamani.

"Nunua klomifeni duka la dawa, unywe, utashika." Klomifeni ni kidonge cha kupevusha mayai, na ushauri huu ndio unaoniumiza zaidi. Rafiki yangu alimeza klomifeni miezi minane kwa ushauri wa wifi yake. Kila mwezi alihesabu vidonge, kila mwezi akalia chooni. Mumewe hakuwahi kupimwa. Kipimo chenyewe kilihitaji kikopo kimoja na siku chache za kujizuia, na majibu yalipotoka tukajua tatizo halikuwa la mke peke yake. Kabla ya kidonge cha kwanza, mbegu za mume zipimwe, daktari aulize habari za mirija ya uzazi, na mwanamke asiyeona siku zake apime mimba kwanza.

Halafu klomifeni siyo tena chaguo la kwanza. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unatanguliza kidonge kingine, letrozoli. Wengi wakisoma karatasi ya ndani ya boksi hushtuka, kwa kuwa imeandikwa ni dawa ya saratani ya matiti. Ni kweli ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Lakini hapa humezwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko, homoni ya estrojeni ikashuka kwa muda, na ubongo ukatuma homoni zaidi za kukuza kifuko. Katika utafiti wa Marekani uliotoka 2014, wenye wanawake 750 wa PCOS, asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua mtoto hai, dhidi ya 19.1 wa klomifeni. Mapacha nao walikuwa wachache zaidi kwa letrozoli.

"Vijiti vya kupima yai vimeonyesha mistari miwili, basi yai limetoka." Si lazima. Vijiti hupima LH, homoni inayopanda yai linapokaribia kutoka, lakini kwa wengi wenye PCOS iko juu siku zote, kwa hiyo mistari huweza kutokea mara kwa mara bila yai. Na kipimo cha "siku ya 21" cha projesteroni, homoni inayoonyesha kama yai limetoka, hakimfai mwenye mzunguko wa siku 45. Huyo apimwe kama siku saba kabla ya hedhi anayoitarajia.

"Pungua kwanza ndipo uje." Kupungua husaidia kweli: kwa mwenye kilo 80, hata kilo 4 huweza kurudisha hedhi. Ila wembamba pia wana PCOS, na mwanamke wa miaka 38 hawezi kuambiwa akahangaike na mizani miaka miwili huku umri unakimbia. Metformini, dawa ya kisukari, nayo husaidia insulini ifanye kazi, hata kwa asiye na kisukari, lakini ikiwa peke yake ni dhaifu kuliko vidonge vya kupevusha.

"Vidonge vimeshindwa, tuuze kiwanja tukapandikize mimba." Pole pole. Kama mirija na mbegu ni salama, kuna hatua katikati: sindano za kupevusha mayai zikifuatiliwa kwa utrasaundi, au upasuaji wa laparoskopi wa kutoboa ovari matundu madogo. Upandikizaji ukifika, mwambie daktari mapema kuwa una PCOS, maana ovari zako huweza kuitikia sindano kupita kiasi. Tumbo likijaa ghafla, pumzi ikawa fupi, mkojo ukapungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.