Oili ikiongezeka yenyewe, kaangalie pampu ya petroli

Afande mmoja mstaafu kutoka Bombo aliniletea Peugeot 504 yake hapa Ndeeba, akashuka uso umemkunjuka, akaniambia, "Fundi, hii gari siku hizi haili oili kabisa, kila nikipima naona imepanda." Mimi nikashtuka. Nikamwambia mzee, tafadhali zima, usiwashe tena hata kuisogeza, vijana wataisukuma. Injini ya umri ule kula oili kidogo ni kawaida, lakini oili kupanda peke yake haiwezekani, lazima kuna kitu kinaingia. Nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikainusa, petroli tupu.

Petroli ikichanganyika na oili inaifanya nyepesi, beringi za krenki (shafti kuu ya injini) zinakosa ute wa kuzilinda zinasagana chuma kwa chuma, alafu mvuke unaojaa mle ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, ukipata moto unalipuka. Ndo maana sikutaka awashe. Na gari yenyewe si ya kuchezea, 504 ilianza kutoka 1968, ikashinda Safari Rally 1975 na tena 1978, wazee wengi huku bado wanaitunza kama ng'ombe wa mahari.

Sasa petroli imefikaje huko? Kwa hizi za kabureta (za injeksheni ni habari nyingine) mara nyingi ni pampu, ile inayokaa ubavuni mwa injini. Ndani yake kuna diaframu, kipande cha mpira na kitambaa, juu ya diaframu ni petroli na chini ni upande wa oili ya injini, yaani huo mpira mwembamba ndio ukuta mkuu kati ya hivyo viwili. Kemshafti, shafti ya injini yenye kemu, yaani vinundu, inasukuma mkono wa pampu, mkono unavuta diaframu chini, petroli inafyonzwa kutoka tangini kupitia valvu ya kuingilia, alafu springi ndiyo inairudisha diaframu juu na kusukuma mafuta kwenda kwenye kabureta. Hapa wengi wanakosea. Anayesukuma mafuta si injini, ni springi, na kabureta ikijaa springi inabaki imebanwa tu, mkono unacheza bure. Kwa hiyo ukiivuta hiyo springi iwe ndefu eti gari ipate nguvu, presha inazidi, inaishinda sindano inayofunga petroli kwenye kabureta na mafuta yanamwagika. Pampu nyingi za aina hii zinafanya kazi kwenye presha ya psi 3 mpaka 5 hivi, hazitaki zaidi.

Chini ya pampu kuna katundu kadogo. Hako katundu kamewekwa makusudi, diaframu ikipasuka petroli itoke nje uione. Ikidondoka petroli pale, diaframu imekufa. Ikidondoka oili, sili ya chini, ile inayozuia oili ya injini isipande, ndiyo imechoka. Ikilowa pale kwenye maungio ya vipande viwili, pengine ni skrubu tu zimelegea, zikaze kwanza kabla hujanunua chochote.

Afande akanisimulia kumbe alikuwa anaenda Mbarara, alipofika Kayabwe pale kwenye ikweta akasikia harufu, akasimama kwa jamaa wa barabarani, yule akaona petroli inadondoka kwenye katundu, akakaziba na silikoni. Kudondoka kukaisha kweli. Lakini mpasuko ulibaki, petroli ikakosa pa kutokea ikateremka kwenye injini, na mzee wa watu akaendesha hivyo wiki nzima akifurahia dipstiki. Iliniuma sana, maana alilipa pesa yake ili injini yake iuawe.

Kabla ya kufungua nilitoa waya wa betri, tukafanyia nje, ndoo ya mchanga karibu, hakuna sigara. Nikaziba paipu ya kutoka tangini, nikashusha pampu. Kitu cha kwanza chora alama kwa tupa kwenye vipande vyote viwili, la sivyo utafunga matundu ya paipu yameangalia upande mwingine. Diaframu ya zamani ilikuwa imekauka imepasuka pembeni ya sahani ya katikati. Seti mpya ya diaframu na gasketi niliipata Kisekka, soko la spea hapa Kampala, baada ya kuzunguka nusu siku, na nilizunguka kwa sababu sikubali kukata tyubu ya tairi kama wanavyofanya wengine, mpira wa tyubu unavimba kwenye petroli, utarudi hapo hapo. Na silikoni usipake popote petroli inapopita, inalainika, inameguka vipande vinaenda kuziba jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta.

Uso wa pampu ulikuwa umepinda kidogo, nikaweka msasa laini juu ya kioo nikausugua taratibu mpaka ukalingana. Alafu sehemu inayoharibu kazi za watu wengi: ukipanga diaframu weka skrubu zote kwa vidole tu, bonyeza mkono wa pampu mpaka mwisho wake, uushikilie hapo, ndo ukaze skrubu kwa mkingamo. Ukikaza mkono ukiwa umeachiwa, diaframu inakuwa imevutika, siku chache inachanika tena.

Nikaziba tundu la kuingilia kwa kidole nikabonyeza mkono nikauachia, inavuta na inashikilia, safi. Wakati wa kurudisha, geuza injini mpaka upande wa kemu usio na nundu uangalie pampu, utasikia haipigani na wewe, na kile kipande kinene cha kuzuia joto kinachokaa kati ya pampu na injini usikitupe wala usiongeze gasketi za ziada, ukiongeza unene mkono haufiki vizuri na pampu inapungukiwa.

Oili yote nikamwaga na filta nikabadilisha, huwezi kuacha ile. Afande akaenda Masaka akarudi, akanipigia simu usiku, "Fundi, dipstiki iko pale pale ulipoiacha." Nikamwambia apime tena Ijumaa, gari ikiwa baridi.