Osteoporosisi: mifupa dhaifu ya wazee

Hapa Tanga mzee akilalamika mifupa, jirani keshatoa jibu: baridi yabisi. Huenda ni kweli, ila baridi yabisi hukaa kwenye viungo na huuma. Osteoporosisi, yaani mifupa kupungua uzito na nguvu, haiumi. Mzee hukaa nayo miaka bila habari, hadi siku mfupa unapovunjika.

Ukifika kwenye magofu ya Tongoni, litazame jiwe la tumbawe lilivyojaa vitundu. Mfupa kwa ndani uko hivyohivyo tangu ujanani. Mwili huubomoa kidogo kidogo na kuujenga upya. Umri ukisogea, ubomoaji huushinda ujenzi, vitundu vikapanuka na kuta zake zikakonda. Kwa mwanamke mambo huenda mbio hedhi ikishakoma, kwa sababu homoni ya estrojeni, iliyokuwa ikizuia ubomoaji, imepungua. Wanaume nao wamo, hasa waliotumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, kwa miezi mingi. Hapo kuteleza tu chooni kunatosha kuvunja nyonga. Pingili za mgongo nazo huweza kubonyea taratibu. Bibi anafupika, anapinda, nasi tunasema ni uzee.

Kumuuguza huanzia kwenye namna ya kumshika. Usimvute mkono ili aketi. Mgeuze ubavu, bega na nyonga vikienda pamoja bila kuusokota mgongo, kisha miguu ishuke huku umemwegemeza mabega. Mkiwa wawili ni afadhali. Kitanda kisiwe kirefu mno; akiketi, nyayo zake ziguse sakafu. Njia ya chooni iwe na taa usiku, na kandambili zilizolika zitupwe (wazee huzing'ang'ania hizo, sijui kwa nini!). Kumlaza kutwa kwa huruma ni kumwongezea ugonjwa, maana mfupa usiobeba uzito huzidi kukonda. Atembee, hata kama ni hadi barazani tu, apate na jua.

Chakula si kigumu: maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Akiandikiwa alendroneti, dawa ya kupunguza ubomoaji wa mfupa, ameze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha asilale kwa nusu saa. Kidonge kikikwama huunguza umio.

Akianguka na mguu mmoja ukaonekana mfupi, umegeukia nje, msimsimamishe wala msimchue kwa mafuta. Mwacheni alale hivyo alivyo, mtafute gari la kumpeleka hospitali ya Bombo.