Uzi, jiwe na 10.87: mafunzo ya walimu wa sayansi yanaanzia wapi hasa

Nianze na namba moja, 10.87. Niliikuta kwenye daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu, imepigwa mstari mwekundu mara mbili na pembeni ticha kaandika "rudia, g ni 9.8" (g ni mchapuko wa uvutano wa dunia, hapa wanaitafuta kwa pendulamu, yaani jiwe linalobembea kwenye uzi). Mi kazi yangu siku hizi ni kuzunguka mashuleni kukaa na walimu wa fizikia na kemia, zamani nilikuwa nashika chaki mwenyewe, na niseme tu ukweli hilo daftari ndo lilinifurahisha kuliko mengine yote niliyofungua siku ile, maana mengine yote yalikuwa na 9.8 kavu, darasa zima, wakati sote tunajua uzi wa dukani na jiwe la njiani haviwezi kuwapa watoto sabini jibu moja lililonyooka hivyo. Walinakili. Huyu mmoja alipima.

Nikamwomba mwalimu tufanye wote pale pale ofisini kwao. Tukatoboa kipande cha bati tukafungia uzi (wa kushonea viatu, mzuri sana, haunyumbuki), tukapima sentimita 100, tukaning'iniza kwenye msumari wa juu ya mlango, kila anayetaka kutoka anainama. Simu ikawa stopwochi. Mwalimu akavuta kibati pembeni kidogo, akaachia, na pale pale anapoachia akasema "moja!" Halafu "mbili", "tatu", mpaka ishirini. Sekunde 38.1. Ile ile ya mtoto.

Umeona ilipo shida? Ukisema "moja" wakati unaachia, hicho kibati hakijabembea bado hata mara moja. Ukifika ishirini kimebembea mara 19. Pendulamu ya mita moja inachukua sekunde 2 na kidogo kwenda na kurudi, mara 19 ni kama 38.1, wewe unagawanya kwa 20 unapata 1.905, unaweka kwenye fomula, g inakuja 10.87 au hapo hapo jirani. Mtoto hakukosea hesabu hata moja. Alikosea kuhesabu, ambayo ni kitu kingine kabisa, na alifundishwa hivyo hivyo maana mwalimu naye anahesabu hivyo hivyo. Tukarudia, safari hii anaachia huku anasema "sifuri". 40.1. Tukapiga hesabu, 9.82.

Mwalimu alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Kaka, hii praktikali nimeifundisha miaka sita."

Sasa hapo ndo ninapotaka kuongelea, kwa sababu huyu mwalimu ni mzuri, ana digrii, anafika darasani mapema, ana vyeti vya semina kama vinne hivi kwenye faili, na katika semina zote hizo hakuna hata moja aliyowahi kushika uzi. Mi mwenyewe nimekaa kwenye hizo semina na, toba yangu, nimewahi kuziendesha. Siku tatu, ukumbi una viyoyozi, mwezeshaji anasoma slaidi zenye maandishi kama sisimizi, saa nne chai na sambusa, kuna mjadala wa vikundi ambao katibu wa kikundi anaandika kwenye manila "changamoto: upungufu wa vifaa, suluhisho: serikali iongeze vifaa", siku ya tatu mchana watu wanaulizana posho inatoka kwa njia gani. Jumatatu mwalimu yuko darasani anafundisha vile vile alivyofundisha Ijumaa ya wiki iliyopita. Simlaumu. Alichofundishwa kinahusu "mbinu shirikishi" kwa ujumla, yeye kesho ana kipindi cha dakika 40 cha pendulamu.

Kuna semina moja tuligawiwa na maboksi ya vifaa, mazuri kweli, kila shule boksi lake. Miezi kama minane baadaye nikapita kwenye mojawapo ya zile shule, boksi liko juu ya kabati ofisini, plastiki haijatolewa. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa kwa upole tu kwamba kikivunjika kitu anayelipa ni yule aliyesaini. Ungekuwa wewe ungefungua? Mi nisingefungua.

Kwa hiyo siku hizi nikiitwa naomba vitu viwili tu. Cha kwanza, mada moja, ile watakayofundisha wiki ijayo, sio kozi nzima. Cha pili, madaftari ya wanafunzi, yasichaguliwe, letani tu rundo. Majibu yaliyokosewa ndo zana bora ya kufundishia mwalimu niliyowahi kuiona na haina gharama, ipo kila shule. Ukimpa mwalimu 10.87 na kumuuliza "huyu kafanyaje mpaka akaipata hii?" anaanza kufikiri fizikia, anaacha kufikiri semina.

Hili wala sijaligundua mimi. Wajapani wana utaratibu wao, jugyou kenkyuu, walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha wengine wamekaa nyuma wanaangalia watoto (sio kumkagua mwenzao, wanaangalia watoto), halafu wanakaa kulichambua. Wakenya walianza mradi wa SMASSE mwaka 1998 kwa kushirikiana na JICA, shirika la misaada la Japani, ukalenga kuimarisha hisabati na sayansi sekondari, na ukakua mpaka leo kuna CEMASTEA, kituo cha kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi, pale Karen, Nairobi. Walichokisisitiza ni mzunguko rahisi tu, panga, fanya, tazama, boresha, halafu unaanza upya. Na sisi Tanzania tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo kwenye karatasi iko vizuri sana kwa maoni yangu, walimu wakutane shuleni kwao kwenye jumuiya za ujifunzaji, sio wasafirishwe mjini. Shida ninayoiona nikizunguka ni kile kinachofanyika ndani ya kikao. Mahali pengi mtu mmoja anasoma moduli kwa sauti, wengine wanasahihisha madaftari kwa siri chini ya meza, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, wanapigwa picha ya kutuma kwenye grupu la WhatsApp, basi. Wakati hayo madaftari ya chini ya meza ndo yalitakiwa yawe juu ya meza!

Tuje kwenye vifaa, maana najua ndo mnachosubiri.

Kwa kemia, kama bureti (ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini) hakuna au ziko tatu kwa darasa la watoto themanini, nenda duka la dawa nunua mabomba ya sindano ya mililita 10, sindano zenyewe usichukue. Kuna ujanja mdogo hapa: kabla ya kuvuta kimiminika vuta kwanza hewa kidogo, kama mililita moja, ndo uchovye uvute. Hewa inapanda juu inakaa chini ya ile raba nyeusi, na sasa unasoma usawa wa maji yenyewe, hupati shida ya kubahatisha raba inaishia wapi. Titresheni ya hivi (kumimina asidi na besi kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike) haitakupa usahihi wa bureti na mtihani wa taifa wa NECTA bado utataka bureti, lakini mtoto aliyefanya mara kumi kwa bomba la sindano akikutana na bureti anajifunza chombo tu, wazo analo tayari. Indiketa, yaani kile kinachobadili rangi, ni rozela kavu ya sokoni, chemsha, chuja, weka limao inakuwa nyekundu ya kung'aa, weka maji ya majivu inaenda kijani. Chemsha ya siku hiyo hiyo, ikilala inaanza kunuka na watoto watakukumbuka kwa hilo.

Ila asidi ya betri ya gari, ambayo najua wengi mnaitumia kupata salfuriki ya bei nafuu, jamani, ile ni kama molari 4.5 mpaka 5, inakula nguo na ngozi. Asidi inamiminwa kwenye maji, polepole, kamwe usimwage maji kwenye asidi, na anayefanya hiyo kazi ni mwalimu kabla ya kipindi, sio kiranja wa darasa. Hapo sina utani.

Umeme ni rahisi zaidi, betri za redio, balbu za tochi, waya za simu ya zamani. Hapo usihangaike na vifaa, hangaika na swali. Washa balbu moja, kisha waulize wakiongeza ya pili mfululizo, ipi itawaka zaidi. Wengi watakwambia ya kwanza, kwa sababu umeme "unaliwa" na ya kwanza unabaki kidogo. Waache wabishane kwanza, waandike walichokisia, ndo uunge waya. Ukiunga kabla hawajakisia umepoteza kipindi.

Halafu kuna zana moja ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya vifaa nayo ni lugha. Mtoto wetu amesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, anaingia kidato cha kwanza anakuta Kiingereza. Tunajua, tumeongea sana. Ila kinachosahaulika ni kwamba hata Kiswahili chenyewe cha mtaani kinamvuruga kwenye fizikia kabla Kiingereza hakijafika. Chukua neno "nguvu". Mtaani nguvu ni fosi, ni enaji, ni pawa, ni afya, ni cheo. Jiwe lina nguvu, betri ina nguvu, mheshimiwa ana nguvu. Kitabu kinasema kani, nishati, mtoto anaona ni majina ya kitabuni ya kitu kile kile. Au "uzito": sokoni tunapima uzito kwa kilo, halafu unamwambia uzito unapimwa kwa nyutoni, anakuona unamzingua. Au "joto", ambalo linabeba hiti na tempericha kwa pamoja.

Hili la joto nilifanya na walimu wanane, walimu, sio wanafunzi. Asubuhi, darasani, mwezi wa saba, wanaoijua baridi ya Njombe ya mwezi huo wataelewa. Nikawaambia shikeni miguu ya chuma ya dawati, halafu shikeni mbao ya juu, kipi kina tempericha ndogo? Saba wakasema chuma, bila kusita. Tukabandika thamomita kwenye chuma kwa selotepu, nyingine kwenye mbao, tukaenda kunywa chai, tukarudi. Zote zimesoma sawa. Chuma kinakunyang'anya joto la kidole haraka, ndo maana unahisi baridi, kidole kinapima kasi ya joto kuondoka na wewe unadhani kinapima tempericha. Yule mmoja ambaye hakusema chuma alikuwa mwalimu wa upishi, nikamuuliza alijuaje, akasema kila siku anashika sufuria na mwiko.

Tangu hapo nawashauri walimu waweke bango la maneno ukutani, manila tu, neno la mtaani upande mmoja na maana zake za kisayansi upande wa pili, na wanafunzi ndo walijaze. Usiwape tayari.

Upande wa kidijitali nitaenda haraka, maana watu wanaongea kama vile bando ni maji ya mvua. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada, itumie. Kwa majaribio ya kwenye skrini tafuta PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, yule wa Nobel ya fizikia ya 2001. Ni bure, baadhi yameshawekwa Kiswahili, na mengi unayapakua mara moja ukiwa mjini yanakaa kwenye fleshi, yanafanya kazi bila intaneti. Ile ya pendulamu unaweza kuipeleka mpaka mwezini uone inavyobembea polepole, kitu ambacho uzi wangu hauwezi. Ila ianze uzi, skrini baadaye. Kwenye skrini hakuna anayekosea kuhesabu, na ukikosa lile kosa la "moja" umekosa nusu ya somo.

Yule mwalimu wa 10.87 alinitumia meseji wiki iliyofuata, saa tatu usiku. Kafanya na darasa zima, makundi kumi na mawili, kaachia kwa "sifuri", na safari hii akawakataza kuandika 9.8 kabla ya kupima. Akanitumia picha ya ubao, namba zimetawanyika vizuri, 9.7, 9.9, 9.8, 10.0, ila makundi matatu ya nyuma yote yana 9.63 na sekunde zao ni 40.5. "Hawa wamehesabu vizuri, nimewasimamia mwenyewe. Vibati vyao viliisha, walitumia mawe. Shida nini?"

Nikamuuliza, hiyo mita moja ya uzi waliipima mpaka wapi?

Kimya. Kama dakika ishirini hivi. Halafu ikaingia: "Mpaka kwenye fundo. Jiwe hawakulihesabu. Ngoja kesho."